Mizani ya Mji: Sheikh Kaluta Amri Abedi, Meya wa Kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam

Katika mitaa ya Magomeni, Kinondoni na Temeke zingali zimesimama, ijapokuwa kila mwaka hupungua kwa kupisha maghorofa, nyumba za namna ile ambayo wazee wetu waliiita kwa ufupi nyumba ya Kiswahili. Mbele yake pana baraza ya kuketi watu jioni. Mlango wa katikati hufungulia ukumbi mrefu upenyao hata uani. Upande wa kuume wa ukumbi pana vyumba vitatu, na upande wa kushoto vitatu. Na huko uani pana jiko, choo na mahali pa kuogea. Zilipojengwa mara ya kwanza, aghalabu kuta zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo, na paa lilikuwa la makuti, mpaka mwenye nyumba ajaaliwe kununua madebe matupu ya mafuta ya taa, ayapasue, ayakunjue, ayapige bapa kwa nyundo na kuyapanga mfano wa vigae. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake: huyu kuli wa bandarini, huyu fundi cherehani, huyu karani, huyu muuza samaki, yule mjane mwenye kukaanga maandazi, na wote hao, hata kama walizaliwa katika makabila sita mbali mbali, asubuhi walisalimiana ukumbini kwa lugha moja.

Watu hao walikuwa wakazi wa mji kwa kila sifa. Waliufagia, waliujenga, walipakua shehena za meli zake na kulipa kodi zilizotakiwa; ila kauli katika uendeshaji wake hawakuwa nayo. Nakusudia kueleza habari za Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha umeya wa Dar es Salaam, Sheikh Kaluta Amri Abedi, kwa sababu naona kwamba maisha yake, ambayo watu wamezoea kuyagawa mafungu, hapa mshairi, pale mwanadini, kwingine mwanasiasa, yalikuwa kwa hakika kazi moja tu, nayo ni kuweka mizani mahali palipokosa mizani.

Ili thamani ya kazi hiyo ionekane, hapana budi kwanza tuutazame mji wenyewe. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga majumba yake kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla ya kuyatimiza aliyoyaazimia. Wadachi, yaani Wajerumani, wakaingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakauhamishia Dar es Salaam makao makuu ya dola yao kutoka Bagamoyo. Kisha mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, mji ukaangukia mikononi mwa Waingereza. Watawala hao wawili walihitilafiana kwa mambo mengi, lakini katika jambo moja walikuwa ndugu: wote waliugawa mji kwa kanuni za majengo, kila sehemu na namna yake ya nyumba, hata ikawa, pasipo sheria kutaja rangi ya mtu, Mzungu yuko Uzunguni penye upepo wa bahari, Mhindi yuko Uhindini penye maduka, na Mwafrika yuko Uswahilini, ng'ambo ya uwanda wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi makusudi uwe mpaka baina ya watu na watu.

Baada ya vita kuu ya pili Kariakoo na Ilala zilifurika. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta katika mji huu nafsi 69,227. Ile ya mwaka 1957 ikakuta 128,742. Ndipo serikali ilipopima viwanja vipya vya Waafrika mbali na kitovu cha mji: Magomeni ng'ambo ya bonde la Msimbazi, Kinondoni mbele yake upande wa kaskazini, na Temeke upande wa kusini. Hivyo vitongoji vyetu vilizaliwa kwa haja ya nafasi, na waliokuja kuvikalia walikuwa wengi wao Wazaramo na Wandengereko wa mashamba ya karibu, Waluguru kutoka milimani, na Wanyamwezi na Wamanyema walioletwa na gari moshi. Bwana J. A. K. Leslie, ofisa aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam mwaka 1956, aliandika kitabu kizima juu ya nyumba zao, kodi zao, kazi zao na madeni yao. Na kusoma maandishi kama hayo leo ni kuona jinsi watu hao walivyokuwa wakitazamwa, kuhesabiwa na kujadiliwa, pasipo wao wenyewe kukaa kwenye meza ya majadiliano ila kwa uchache mno.

Meza hiyo ilikuwepo. Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipandishwa daraja kuwa manispaa yenye baraza la madiwani na meya wa kuliongoza, mwenye joho na mkufu kwa desturi ya miji ya Uingereza. Mambo yaliyokuwa chini ya baraza ndiyo yale yanayomgusa mtu tangu alfajiri mpaka usiku: barabara na mitaro, masoko na leseni, taka na afya, hata makaburi. Lugha ya shughuli za utawala ilikuwa Kiingereza, na haki ya kura katika nchi ilikuwa na masharti yake. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958, kwa mfano, mpiga kura alitakiwa awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa na serikali. Na akishakubaliwa, alilazimika kuchagua watu watatu, Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Wapangaji wangapi katika nyumba ya vyumba sita ya Temeke wangaliweza kupenya katika tundu hilo la sindano? Huko ndiko kukosa mizani nilikokusudia.

Mtu aliyekuja kukalia kiti cha umeya hakuwa mzaliwa wa pwani. Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye ncha ya pili ya ile njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Msafara ulikuwa umebeba mengi, mengine ya kheri na mengine ya aibu. Lakini mojawapo ya yaliyofika na kutia mizizi Ujiji ni lugha ya Kiswahili pamoja na dini ya Kiislamu, na mtoto wa Ujiji alivinyonya vyote viwili bila kuhisi kwamba ameazima kitu cha watu. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa imekwisha kuiunganisha tena bara na pwani kwa chuma, na kijana Amri alipitia njia hiyo kwanza mpaka Tabora, mahali pa shule zilizosifika, alikosoma na ambako alikutana na Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya aliyetoka Bara Hindi na kufika Afrika ya Mashariki mwaka 1934.

Makutano hayo ndiyo yaliyompa mwelekeo. Amri akawa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake katika kazi kubwa ya kuifasiri Kurani Tukufu kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Na katikati ya miaka hiyo ya 1950 akasafiri hadi Rabwah, Pakistan, kuzidisha elimu ya dini, akarudi mhubiri kamili. Wako Waislamu wengi, nao ndio wengi zaidi katika mji wa Dar es Salaam, wasiokubaliana na itikadi ya Ahmadiyya, na tafsiri ile ilizua majadiliano makali miongoni mwa wanazuoni. Simkumbushi msomaji jambo hilo kwa nia ya kufufua hoja za dini, bali kwa sababu linatupa fahari: mji ambao wakazi wake wengi walikuwa wa madhehebu nyingine haukuona tabu kumkabidhi mtu huyu amana yake ulipofika wakati wa kuchagua. Walimpima kwa akili na uadilifu wake.

Ila kabla ya kuupata umeya alikuwa amekwisha kupata umaarufu mwingine. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka thelathini tu, alitoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kabla yake mashairi ya Kiswahili yalikuwa na sheria, maana karne nyingi za washairi wa Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja zilikuwa zimezitia sheria hizo masikioni mwa watu; lakini hazikuwa zimeandikwa kwa utaratibu mahali ambapo mwanafunzi wa Mwanza au Songea angeweza kuzisoma na kujifunza peke yake. Amri akaziandika. Akaeleza vina ni nini, mizani ni nini, kituo ni nini. Akaeleza jinsi mshororo wa shairi la kawaida unavyobeba mizani kumi na sita, nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane katika utao, yaani nusu ya pili, na jinsi silabi moja ikizidi au ikipungua mwimbaji hujikwaa kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Alishikilia kwamba shairi sharti liimbike, kwa kuwa asili yake ni wimbo. Miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wapinzani wake walikimbilia kitabu cha Amri kama mawakili wakimbiliavyo kanuni; na hata waliompinga Amri walilazimika kumsoma kwanza.

Naomba msomaji alishike neno hili, mizani, kwa sababu ni zuri kuliko tulivyozoea kulifikiri. Mshairi akilitamka anakusudia hesabu ya silabi. Muuza nazi sokoni anakusudia chombo cha kupimia. Na kadhi au hakimu anakusudia haki. Kwa Sheikh Amri maana hizo tatu hazikuwa mbali mbali. Aliyeamini kwamba silabi ya mwisho katika ubeti ina haki yake, isinyimwe wala isipewe ziada, hakuweza kuridhika na mji ambao mtaa mmoja una taa na lami na mtaa mwingine una vumbi na dimbwi.

Wakati huo siasa nayo ilikuwa imekwisha kuhamia Uswahilini. Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kiliteka nyoyo za watu kwa Kiswahili, barazani na viwanjani, na Bibi Titi Mohamed akawaingiza wanawake kwa maelfu kwa kupitia vyama vyao vya ngoma. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikuja kukaa Magomeni, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Washairi hawakubaki nyuma: Saadani Kandoro, naye mtu wa Ujiji kama Amri, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, na kalamu yake ilisema kwa mafumbo yale ambayo serikali isingeyavumilia kwa uwazi. Amri Abedi akaingia katika safu hiyo, huku akiwa pia mmoja wa viongozi wa mwanzo wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi ambacho baadaye kilimpata kiongozi mwingine mashuhuri, Mathias Mnyampala. Alikuwa na sauti ya mhubiri na nidhamu ya mtunzi, na watu humjua upesi mtu anayesema nao kwa lugha yao akiwa ameitengeneza, si aliyeidharau.

Basi mwaka 1960, kwa kura za madiwani wenziwe, Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Meya wa Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa mambo makuu: mwezi wa Agosti TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Katika nchi jirani upepo ulikuwa huo huo. Kampala ilikuwa imempata Serwano Kulubya mwaka 1959; Nairobi ingempata Charles Rubia mwaka 1962. Lakini Kulubya alikuwa mtu wa baraza la Kabaka tangu zamani, na Rubia alikuwa mtu wa biashara. Dar es Salaam peke yake ilimtwaa mshairi wa Kiswahili, mtu ambaye sifa yake kubwa kwa watu ilikuwa ni maneno aliyoyatunga. Sidhani kwamba lilikuwa jambo la bahati nasibu. Mji uliotawaliwa kwa lugha ya wageni ulimtafuta fundi wa lugha ya wenyeji.

Sitamzidishia sifa kwa kudai kwamba aliyafuta madimbwi ya Temeke au kwamba alileta maji ya bomba katika kila ua wa Kinondoni. Umeya wake ulikuwa mfupi, hazina ya mji ilikuwa haba, na watu walimiminika kwa wingi ambao baraza lolote lisingeweza kushindana nao. Kati ya mwaka 1957 na mwaka 1967 idadi ya wakazi ilizidi maradufu, ikafika 272,821. Alichokifanya ni kile ambacho lazima kitangulie mengine yote: alikaa katika kiti kile na kuonyesha kwamba kinakalika. Mpangaji wa chumba cha uani, aliyemwona Mwafrika mwenziwe amevaa mkufu wa mji, alielewa tangu siku hiyo kwamba anapolalamika juu ya mtaro ulioziba anamlalamikia mtu wa kwao, ambaye ana wajibu wa kujibu. Siku moja baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji. Na mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na Magomeni ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo shirika hilo liliondoa vibanda chakavu na kusimamisha nyumba za matofali.

Kutoka umeya alipanda kwenye madaraka ya taifa. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria, na hapo mizani yake ikapata uwanja mpana zaidi. Wakoloni walikuwa wameacha mahakama za namna mbili, moja ya wenyeji na nyingine ya watu wengine, kana kwamba haki ina ngozi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilizivunja zile mahakama za kienyeji na kuweka ngazi moja kwa watu wote, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Na lugha ya Mahakama ya Mwanzo ikawa Kiswahili. Tangu hapo mama aliyedhulumiwa kiwanja Mbagala au mchuuzi aliyenyimwa deni lake Tandale aliweza kusimama mbele ya hakimu, akaeleza shida yake kwa maneno aliyoyanyonya kwa mama yake au aliyojifunza ukumbini kwa wapangaji wenziwe, na akasikia hukumu kwa maneno hayo hayo. Tumelizoea jambo hili hata hatulioni. Lakini kuna nchi nyingi za Afrika ambako mpaka leo mshitakiwa husikiliza hatima yake kwa lugha asiyoijua.

Mwaka 1964 akahamishiwa wizara ya maendeleo na utamaduni wa taifa, ambayo kwa mtu wa kalamu ilikuwa kama kurudi nyumbani. Ila mauti hayakumpa nafasi. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1964 huko Bonn, Ujerumani ya Magharibi, akiwa na umri wa miaka arobaini. Mshairi mwenziwe Shaaban Robert alikuwa amemtangulia mwaka 1962. Katika muda wa miaka miwili na ushei Kiswahili kilipoteza nguzo mbili, wakati nyumba yenyewe ndiyo kwanza inaezekwa.

Kiti alichokiacha kimepitia mengi. Serikali za miji zilivunjwa katika mwaka wa 1972, zikarudishwa mwaka 1978 baada ya kuonekana dhahiri kwamba mji usio na baraza huoza kwa taka na maradhi. Mwaka 1996 baraza la Dar es Salaam likavunjwa tena na kuwekwa Tume ya Jiji. Na mwaka 2000 mji ukagawanywa manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, chini ya jiji moja. Katika awamu hiyo mpya alipatikana meya Kleist Sykes, mwana wa Abdulwahid Sykes wa TANU na mjukuu wa yule Kleist mzee aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Waafrika mwaka 1929, ikawa kama kwamba historia imegeuka kutazama ilikotoka. Ubungo na Kigamboni zikajitenga baadaye, na mwezi wa Februari 2021 halmashauri ya jiji zima ikavunjwa, hadhi ya jiji ikabaki kwa Ilala.

Tazama basi yaliyotokea. Vitongoji vile vya viwanja vilivyopimwa pembezoni ili kupunguza msongamano wa Kariakoo, leo vina mabaraza yao na mameya wao. Hesabu ya mwaka 2022 iliikuta Temeke ina watu 1,346,674, yaani zaidi ya mara kumi ya mji mzima wa mwaka 1957, na Kinondoni ina watu 982,328. Meya wa kila manispaa huitwa Mstahiki, yaani mwenye kustahili. Na lakabu hiyo, tukiitia maanani, ni deni zaidi kuliko sifa, kwa sababu mtu haitwi mwenye kustahili ila apimwe kama anastahili.

Jina la Sheikh Amri limewekwa katika uwanja wa michezo wa Arusha, na hilo ni jema; ila hata huko wako wengi wanaolichanganya na jina la Sheikh Abeid Amani Karume wa Zanzibar, wakaunganisha waungwana wawili kuwa mtu mmoja, na hivyo wakawadhulumu wote wawili. Nawasihi walimu wa shule zetu za Temeke na Kinondoni wawasahihishe watoto: Amri Abedi ni yule wa Ujiji, mtunzi wa sheria za mashairi, meya wa Dar es Salaam, waziri wa sheria. Na wewe msomaji, ujuapo siku ya kikao cha baraza la madiwani wa manispaa yako, nenda ukakae katika viti vya wananchi usikilize, maana mlango u wazi kwa raia. Utasikia mitaro, masoko na vyoo vya shule vikijadiliwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na utamsikia diwani mmoja baada ya mwingine akianza hoja yake kwa kumwita Mstahiki Meya. Isikilize hoja yenyewe, kisha uipime.